Mukuba haioti mara ya pili

Wandugu wafanyakazi wa mine, wamama na vijana wa Lubumbashi, Kipushi, Likasi, Kambove na Kolwezi,

Siku hizi kila mutu anasemea bei ya mukuba na kobalti. Bei ikipanda, kompani zinafungua mashimo mapya. Bei ikishuka, kontra zinakatwa. Sisi wa sendika tunafwata bei pia, juu inagusa mushahara na bukari ya nyumbani. Lakini kuko jambo lingine lenye hatulisemi sana: mukuba yenyewe ilitoka wapi, na ilichukua muda gani? Mwenye kujua ile atajua pia namna ya kuomba haki yake.

Tangu wakati Jules Cornet, mujuzi wa mawe wa Ubelgiji, alipita huku mu 1892, tunaambiwa Katanga ni «scandale géologique», neno lenye wanasema lilitoka kwake. Neno hilo limetulevya. Linasikilika kama vile utajiri ulianguka toka mbinguni siku moja, na kama vile hautaisha. Yote mawili ni uongo.

Miaka milioni 880 hivi iliyopita, hapa hapakuwa mulima wala pori. Udongo ulikuwa unavutwa na kupasuka, na maji ya chumvi ikaingia. Ilikuwa bahari fupi. Jua liliikausha mara kwa mara na kuacha chumvi chini. Mu maji ile kuliishi vidudu vidogo sana, vyenye macho haiwezi kuona, vikajenga mawe tabaka juu ya tabaka. Wazee wa Gécamines wanajua jiwe hilo: ni RSC, lile lenye matundu, lenye kukaa katikati ya tabaka mbili za mukuba. Mara mingi tunalitupa, juu haliko na mukuba ya kutosha. Kumbe ni kazi ya vitu vyenye uzima, mbele samaki wa kwanza hajaonekana mu dunia.

Na mukuba je? Maji ile ya chumvi ilishuka mu muchanga mwekundu, ikachota mukuba na kobalti kidogo kidogo, sawa maji ya moto inavyochota rangi mu majani ya chai. Kisha ikakuta tope nyeusi yenye mabaki ya vidudu vilivyokufa. Pale mukuba ikanaswa. Karibu miaka milioni 700 iliyopita, baridi kali ikashika dunia, na barafu ikafika mpaka huku kwetu. Wenye kufanya kazi Kamoa-Kakula wanachimba chini kabisa ya mawe yenye wajuzi wanasema yaliletwa na barafu ile. Wanayaita Grand Conglomérat.

Nyuma yake, kati ya miaka milioni 590 na 500 hivi iliyopita, mapande mawili makubwa ya udongo, lile la Congo na lile la kusini, la Kalahari, yakagongana. Mawe yote ya huku mpaka Zambia yakakunjwa sawa kitambaa, yakakatika, mengine yakasukumwa juu ya mengine. Ndiyo maana mukuba yetu iko mapande mapande. Muchimbaji anafwata tabaka nzuri, kesho anagonga RAT, na kitu kimekwisha. Si uchawi, si bahati mubaya. Jiwe lilivunjika zamani, na kila pande liko na mwanzo na mwisho. Kisha mvua ya miaka mamilioni ikageuza mawe ya juu: ikatupatia malachite ya kijani na kobalti nyeusi yenye vijana wanachota leo na mikono.

Tufanye hesabu. Dunia iko na miaka zaidi ya milioni 4.500. Tuseme miaka hiyo yote ni mwaka moja, kuanza tarehe 1 ya mwezi wa kwanza. Bahari ya Katanga iliingia mu mwezi wa kumi. Mawe yalikunjwa mu mwezi wa kumi na moja. Mutu alionekana usiku wa mwisho, saa sita ya usiku iko karibu kugonga. Na tangu mine ya Étoile ilianza mu 1911 mpaka leo? Haifike hata segonda moja.

Wakubwa wetu wa zamani, Wasanga na Wayeke, waliyeyusha malachite ya vilima wakafanya misalaba ya mukuba. Walichukua kidogo, na mulima ulibaki. Union Minière ilizaliwa mu 1906, kisha Gécamines ikafwata. Mu 1986 Gécamines ilitosha karibu tani 476.000 ya mukuba, na watu walisema hakuna kupita pale. Mu 2023 inchi yetu ilitosha zaidi ya tani milioni 2,5. Mwaka moja ya sasa inapita miaka tano ya wakati ule mukubwa.

Wengine wanatujibu: dunia ingali inafanya kazi, itatengeneza ingine. Ni kweli, inafanya kazi. Tarehe 5 ya mwezi wa 12, 2005, udongo ulitetemeka chini ya ziwa Tanganyika, na nyumba zikaanguka Kalemie. Mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilitapika moto mpaka karibu na Goma. Upande ule wa mashariki, Afrika iko inapasuka. Lakini inapasuka milimetre chache tu kwa mwaka. Ile ndiyo mbio ya dunia. Mbio ya dragline na ya kamyoni ni ingine. Mahindi ukivuna, utapanda tena mvua ikirudi. Mukuba haina mbegu.

Muangalie Kipushi. Mine ilianza mu miaka ya 1920, ikasimama mu 1993, na imerudi kutosha mali mu 2024 tu. Miaka 30 muji ulibaki kuangalia shimo. Na Kipushi mawe hayakuwa yameisha: pesa ya kuendesha mine ndiyo iliisha. Kama muji uliteseka vile na mali ingali chini, itakuwa namna gani siku yenye hakuna kitu tena chini?

Hatusemi wafunge mine. Tunaishi na mine, tunasomesha watoto na mine. Tunasema hivi: kitu chenye kinatoka mara moja tu kinapashwa kuacha kitu chenye kinabaki. Na sheria iko. Sheria ya mine ya 2018 inaomba kompani zilipe Leta redevansi: 3,5 % kwa mukuba, na 10 % kwa kobalti, juu iliwekwa mu mali za stratejia. Kila 100 ya redevansi inagawanywa: 50 kwa Leta ya Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa shefferi, sekta ao komini ya pahali mine iko, na 10 kwa FOMIN, mufuko wa vizazi vya kesho. Tena kompani inapashwa kutia 0,3 % ya mauzo yake mu maendeleo ya wakaaji wa pembeni ya mine.

Ile 10 na ile 15 si zawadi. Ndiyo sehemu ya watoto wenye watakuta mashimo matupu. Kwa hiyo tunaomba mambo tatu.

Ya kwanza: kila komini, sekta na shefferi yenye inapokea 15 % ibandike hesabu ku mulango wa biro kila miezi tatu, mu Kiswahili, kila mama aweze kusoma: tulipokea ngapi, tulijenga nini, wapi.

Ya pili: hesabu ya FOMIN itolewe mbele ya watu kila mwaka. Mufuko wa watoto haupashwi kulipa magari na safari za wakubwa.

Ya tatu: mu kila mapatano kati ya kompani na sendika, kuandikwe masomo ya kazi yenye inabaki mine ikifungwa: umeme, kuunganisha chuma, useremala, kilimo. Kwa mufanyakazi, na kwa mutoto wake, musichana na kijana. Wenye walitoka mu départ volontaire ya 2003 na 2004, zaidi ya watu 10.000, wanaweza kutuelezea inakuwa namna gani kutoka mu mine na pesa kidogo, bila kazi ingine mu mikono.

Delege wa sendika akifika mu chantier yenu, musimuulize bei ya mukuba tu. Mumuulize mambo hiyo tatu, moja moja, na asitoke bila kujibu.