Ukame wa Ganze na Ndimi za Waheshimiwa

Wako wanasiasa wa ng'ambo wanaokana waziwazi kwamba binadamu ndiye anayeibadilisha hali ya hewa ya dunia. Rais Donald Trump wa Marekani aliuambia mkutano wa Umoja wa Mataifa, Septemba 2025, kwamba jambo hili lote ni ulaghai. Kabla ya hapo, mwezi wa Januari, alikuwa amekwisha tia sahihi amri ya kuitoa nchi yake katika Mkataba wa Paris wa mwaka 2015. Mtu wa namna hiyo angalau wajua anasimama wapi.

Waheshimiwa wetu hapa nyumbani wana njia nyingine. Wakiwa Nairobi mbele ya wageni husema hali ya hewa imebadilika na fedha zahitajika. Wakija Ganze, mbele ya wananchi wenye njaa, maneno hugeuka. Mimi nimeyasikiliza maneno hayo kwa miaka, na naona yanarudi kwenye mambo matatu. Yafaa tuyatazame moja moja, kwa sababu njaa ya Bamba na Vitengeni si jambo la mzaha.

La kwanza husemwa hivi: ukame haukuanza leo, hata mababu waliuona. Hapana mzee wa Kigiriama atakayelikataa hilo. Watu wetu wanazikumbuka njaa kwa majina, kama wengine wanavyowakumbuka wafalme. Iko njaa ya Mwakisenge ya miaka ya 1880. Iko ya Magunia, mwisho wa karne ile ile, iliyoitwa hivyo kwa sababu chakula cha msaada kililetwa katika magunia. Lakini mheshimiwa anayezitaja njaa hizo ili kutunyamazisha hakuzifikiri sawasawa. Mnazi huweza kuanguka kwa uzee. Hata hivyo, ukiukuta umeanguka na shoka liko kando yake, utauliza shoka hilo ni la nani.

Na shoka tumeliona. Kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza kula makaa ya mawe, hewa ya dunia ilikuwa na sehemu 280 hivi za gesi ya kaboni katika kila milioni. Leo zimepita 420. Gesi hiyo hulishika joto kama blanketi, na mwaka 2024 ulikuwa wa joto kupita yote tangu watu waanze kupima. Hewa yenye joto huyanyonya maji ya udongoni na ya mabwawa.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilitupita mfululizo katika sehemu kubwa za nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Wataalamu wa World Weather Attribution, na Wakenya wakiwamo, waliuchunguza ukame ule na kutoa taarifa Aprili 2023. Walisema kwamba uwezekano wa mvua ya masika kupungua kiasi kile umekuwa kama maradufu, na kwamba ukame mkali namna ile umekuwa rahisi kutokea angalau mara 100 kuliko zamani, hasa kwa sababu ya joto hili linaloikausha ardhi. Maana yake, mkulima wa Mwahera hata akipata mvua ile ile ya babu yake, mahindi yake yatanyauka mapema zaidi.

KUOMBA MVUA

Jambo la pili ni kumwachia Mungu kila kitu. Februari 2023 taifa zima liliitwa kuomba mvua katika uwanja wa Nyayo. Simkejeli mtu aombaye. Sisi wenyewe tumelelewa na wazee waombao. Lakini tazama wazee wa kaya walivyofanya. Waliomba mvua, na wakati huo huo wakakataza mtu yeyote kukata mti ndani ya kaya, na aliyekata alilipa faini ya mnyama. Maombi yao yalikuwa na sheria nyuma yake. Ndiyo maana msitu wa Kaya Kauma, upande wa Jaribuni, ungali umesimama, na mwaka 2008 UNESCO ikauweka pamoja na kaya nyingine katika urithi wa dunia. Je, nyuma ya maombi ya uwanjani palikuwa na nini? Julai mwaka ule ule Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku ya kukata miti katika misitu ya serikali, iliyokuwako tangu 2018. Miezi miwili baadaye akawapokea wakuu wa Afrika jijini Nairobi kuzungumzia tabianchi.

Jambo la tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Husemwa kwamba ninyi wachoma makaa ndinyi mliofukuza mvua. Ni kweli kwamba kilima kilichonyolewa miti hupoteza udongo na chemchemi zake, na hilo tulikubali. Lakini Kenya nzima haitoi hata sehemu moja katika mia ya gesi zinazoitia dunia joto. Mama anayeuza gunia la makaa kando ya barabara ya Bamba anauza kwa sababu mahindi yake yamekauka. Kumtwisha yeye mzigo wa viwanda vya dunia ni kumwonea, tena ni njia ya mkubwa kukwepa kuulizwa habari za bwawa alilopaswa kulichimba.

MAONYO YAKIPUUZWA

Msomaji asidhani haya ni maneno matupu. Mwaka 2023 wataalamu wa hali ya hewa walionya kwamba mvua za El Nino zinakuja. Mwezi wa Oktoba Rais akawaambia wananchi kwamba El Nino iliyotajwa haitakuwako, ila mvua ya kutosha tu. Idara ya Hali ya Hewa ikalazimika kueleza kwamba dalili za El Nino zingaliko. Mwezi wa Novemba mafuriko yakaja. Daraja la Mbogolo katika barabara ya Kilifi na Malindi likakatika, na kufikia Desemba watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa nchini. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi tujibu vipi? Wenzetu wa Lamu walijibu kwa vitendo. Walipoambiwa kwamba kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ni maendeleo, hawakuishia kunung'unika barazani. Walikwenda mbele ya Baraza la Rufaa la Mazingira, na Juni 2019 leseni ya kiwanda ikafutwa.

Sisi wa Ganze tunayo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016, inayozipa hata serikali za kaunti wajibu katika jambo hili. Kwa hiyo mheshimiwa atakapokuja na unga kabla ya uchaguzi wa 2027, tuupokee, maana mwenye njaa hana haja ya kuona haya. Kisha tumwulize mbele ya watu: fedha za tabianchi za kaunti zimefanya nini katika wadi hii? Mabwawa mangapi yamechimbwa, na mangapi yangali na maji mwezi wa Februari? Onyo la wataalamu likitolewa, nani atalileta hapa kijijini, kwa lugha gani, na siku ngapi kabla ya mvua?

Akijibu kwamba ukame ulikuwako tangu zamani, tumwambie twajua, na majina yake tunayo. Hatupendi kutafuta jina la njaa nyingine.