Afya Haianzii Hospitalini

Kipindupindu kinapozuka katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, aghalabu sisi hukimbilia lawama zile zile: wakazi hawanawi mikono, hawachemshi maji, hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kwa maoni yangu, lawama hizo huwaendea wasiostahili.

Hebu tutafakari. Mama anayeishi na wanawe katika chumba kimoja hununua maji kwa mtungi wa lita 20. Maji ya kunawa hutoka katika pesa zile zile za unga. Kuyachemsha ya kunywa kunahitaji makaa au mafuta taa, navyo vina bei. Choo hutumiwa na majirani wote, na pengine hulipiwa. Mama huyo anajua vyema anachotakiwa kufanya. Anachokosa ni uwezo. Ilhali tajiri mwenye mfereji jikoni hulipia kila lita bei nafuu kuliko yeye. Vijidudu ni vile vile, bali hali za maisha ndizo zinazotofautiana.

Ukweli huu si mpya. Mnamo 1848, serikali ya Prussia ilimtuma daktari Rudolf Virchow kuchunguza homa ya tifasi iliyokuwa ikiwaangamiza maskini wa Upper Silesia. Virchow hakuridhika na kupendekeza dawa. Aliitaka serikali iwape watu hao elimu, uhuru na maisha bora.

Hapa kwetu, Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kimeziweka pamoja haki za afya, makazi, usafi, chakula, maji safi na elimu. Isitoshe, tangu 2013 huduma za afya na za maji zimekuwa chini ya serikali za kaunti. Basi kaunti inayofungua wodi ya kipindupindu huku mabomba ya mitaani yakiwa makavu haiwezi kudai kwamba maji ni kazi ya mwingine.

Watakuwapo watakaosema kwamba hoja hii inamwondolea mwananchi wajibu wake. La hasha! Usafi ni wajibu wa kila mtu, na somo lake sharti liendelee kufundishwa. Lakini mwanafunzi anayefundishwa kunawa mikono katika shule isiyo na mfereji hujifunza jambo moja tu: kwamba somo hilo ni la kujibia mtihani.

Kwa hivyo, walimu na wanafunzi wasiishie kukariri dalili za maradhi. Na waulize pia maji ya mtaa wao yanatoka wapi, yanauzwa kwa bei gani, na kaunti imeyatengea fedha ngapi katika bajeti. Makadirio ya bajeti si siri. Sheria inataka umma ushirikishwe kabla hayajapitishwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dawa ni za lazima kwa aliyekwisha kuugua, lakini mgonjwa anayetibiwa na kurejeshwa kwenye maji yale yale machafu hajaponywa. Amepewa likizo fupi tu.