NANI ATAMLIPA MCHUNGUZI?

Mjini Arusha, chini ya Mlima Meru, ndipo yalipo makao ya Chuo cha Wapasuaji cha Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini, kilichoundwa mwaka 1999. Msomaji asidhani kuwa atakuta huko mabweni na madarasa. Mwanafunzi wake hujifunza kazi, upasuaji wa ubongo ukiwamo, katika hospitali ile ile inayomwajiri. Mpango huu twausifu, kwani umetupatia mabingwa bila ya kuwapeleka ng'ambo. Lakini bingwa anayepasua mchana kutwa na kuzunguka wodini usiku, aliyoyaona atayaandika saa ngapi? Sisi wenye maduka twajua: asiye na daftari hajui alichopoteza.

Ushahidi upo kwa jirani. Mwaka 2000 alifika Mbale, Uganda, tabibu wa Kimarekani, Benjamin Warf, akakuta watoto wachanga wengi wenye maradhi ya kichwa kikubwa. Tiba iliyozoeleka ni kutia mpira wa kuyashusha maji ya kichwani hadi tumboni. Mpira ukiziba, mtoto wa mjini hukimbizwa hospitali. Wa shamba huenda akafa njiani. Warf akaunganisha njia mbili: kutoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapate pa kupita, na kuunguza nyama inayoyatoa maji hayo. Tena akachunguza, akaona kuwa wengi wa watoto wale waliugua kwa vijidudu vilivyowaingia wangali wachanga kabisa. Mwaka 2017 ikachapishwa khabari ya watoto 100 wa Mbale, nusu kwa mpira na nusu kwa njia mpya. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo hayakuonekana kupitana kwa akili. Njia ya Mbale ikafika hata Boston. Fedha za uchunguzi ule, hata hivyo, zilitoka kwa serikali ya Marekani.

Kwetu, mwaka 2014, Wahispania walitusaidia kufungua jengo la upasuaji wa ubongo pale Mnazi Mmoja. Twawashukuru kwa dhati. Lakini mwenye kulipa ndiye mwenye kuchagua swali, na maswali ya visiwa hivi ni yetu.

Nchi 8 za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki zina makao yao Arusha hiyo hiyo. Twataka zikubaliane huko kulipa mishahara ya wapasuaji wachunguzi katika vyuo vikuu vyao, na mmoja wao awe Unguja: nusu ya juma apasue, nusu aachiwe daftari lake. Wawakilishi wetu wakiulizwa fedha zitoke wapi, kwanza waombe waonyeshwe hesabu ya nauli za wagonjwa wanaopelekwa ng'ambo.