Barua kutoka Massachusetts: Nani hulipa ada ya chuo kikuu cha sayansi



Ada inayotangazwa na chuo kikuu cha Marekani siyo ada ambayo kila mwanafunzi hulipa. Katika Massachusetts Institute of Technology, chuo kinachojulikana duniani kwa herufi tatu za MIT, ada ya masomo peke yake imevuka dola 60,000 kwa mwaka. Yakiongezwa malazi, chakula, bima na vitabu, hesabu hupita dola 80,000. Mzazi wa Iringa au Kitui akisikia kiasi hicho hukata tamaa hapo hapo, na mwalimu aliyekuwa akimfikiria mwanafunzi wake bora humwambia atafute njia nyingine. Vipaji vingi hupotea katika hatua hiyo, kabla hata ombi moja halijaandikwa, na hupotea kwa sababu ya taarifa isiyokamilika.

Vyuo kama MIT hutoa msaada kwa kupima pengo. Chuo huchukua gharama yote ya mwaka, kikatoa kiasi ambacho kimeona familia inaweza kuchangia, na kinachobaki ndiyo haja ya mwanafunzi. Tangu mwaka wa masomo ulioanza vuli ya 2025, MIT imetangaza kwamba familia yenye kipato cha chini ya dola 100,000 kwa mwaka, na mali za kawaida kwa kipato hicho, haitarajiwi kulipa chochote. Mwalimu wa sekondari, muuguzi, mkulima wa kahawa na mwenye duka la rejareja mtaani wote wamo ndani ya kiwango hicho, tena kwa mbali. Fedha inayotolewa ni ruzuku, hairudishwi. Mwanafunzi mwenyewe hutarajiwa kuchangia sehemu ndogo kwa kazi za saa chache chuoni.

Jambo moja huwachanganya watu wengi nyumbani Afrika Mashariki. Skolashipu imezoeleka kuwa zawadi ya aliyeongoza mtihani: mwenye divisheni wani ya pointi tatu, au aliyepata A tupu katika KCSE, ndiye anayestahili kulipiwa. MIT haitoi fedha kwa ajili ya alama. Karibu kila anayeingia pale aliongoza shule yake, kwa hiyo alama hazitenganishi mtu na mtu. Uwezo wa familia ndio unaotenganisha. Kijana wa kwanza kitaifa ambaye baba yake ana majengo matatu ya kupangisha Kariakoo atapata kidogo au asipate kabisa, na yule aliyelelewa na bibi kwa kuuza maandazi atalipiwa karibu kila kitu.

Kila chuo kiulizwe maswali mawili, na maswali hayo yasichanganywe. La kwanza: je, kuomba msaada kunapunguza nafasi ya kukubaliwa? La pili: akishakubaliwa, je, chuo kinaziba pengo lote? MIT hujibu kwamba ombi la fedha halihesabiwi katika udahili, hata kwa raia wa nje, na kwamba pengo lote huzibwa kwa miaka yote minne. Harvard, Princeton na Yale hufanya vivyo hivyo, na katika miaka ya karibuni Dartmouth, Bowdoin na Brown vimejiunga navyo. Hilo ndilo kundi la kwanza, na orodha yake ni fupi. Vyuo vingi vya Marekani vinavyojisifu kwamba havitazami mfuko wa mwombaji huwa na maana ya raia wa Marekani na wakazi wa kudumu, na maelezo hayo hukaa mahali ambapo mzazi wa mbali hafiki.

Kundi la pili ni la vyuo vinavyoziba pengo lote la wanafunzi vinaowakubali, lakini vina fungu maalumu la wanafunzi wa nje, na fungu likiisha limeisha. Stanford imo humu. California Institute of Technology, yaani Caltech ya Pasadena, nayo kwa miaka mingi imefuata njia hii. Caltech ni chuo kidogo sana, wanafunzi wake wa shahada ya kwanza hawazidi sana elfu moja, kwa hiyo kila nafasi inayogharimiwa huonekana katika bajeti. Mwombaji wa nje anayehitaji fedha hupimwa kwa kipimo kigumu kuliko jirani yake anayejilipia. Hapa ndipo ushauri mbaya unapoingia. Wapo wanaowaambia vijana wafiche shida, waandike kwamba familia italipa, halafu waombe msaada wakishafika. Stanford imeandika wazi kwamba raia wa nje ambaye hakuomba msaada wakati wa udahili hatapewa katika miaka yake yote minne. Ushauri huo umewagharimu vijana shahada zao.

Kundi la tatu ndilo linaloumiza zaidi kwa sababu majina yake ni makubwa. Berkeley, chuo kikuu cha California, na Georgia Tech vinasifika kwa sayansi na uhandisi, lakini ni vyuo vya umma, na fedha za umma huwatanguliza wenyeji wa jimbo. Mwanafunzi wa nje wa shahada ya kwanza asitegemee huko msaada wa kuziba pengo. Barua ya kukubaliwa hufika, kijiji kizima hushangilia, halafu hufuata fomu ya kuthibitisha kwamba familia ina makumi ya maelfu ya dola benki. Baadhi ya familia huitisha harambee au mchango wa ukoo, nyingine huuza shamba. Mchango unaweza kulipa nauli, unaweza hata kulipa muhula wa kwanza. Miaka minne haulipi. Mwanafunzi aliyeishiwa fedha katikati hupoteza masomo na viza kwa pamoja, na shamba halirudi. Swali la fedha linatakiwa kujibiwa wakati wa kuchagua pa kuomba, si baada ya barua kufika.

Hata pale mlango wa fedha ulipo wazi, mlango wa udahili ni mwembamba. MIT hukubali chini ya waombaji 5 katika kila 100, na kwa raia wa nje kiwango ni cha chini zaidi, kwa kuwa wao ni kama sehemu ya kumi tu ya darasa la wanafunzi wapatao 1,100 kwa mwaka. Kijana mwenye akili timamu huomba vyuo kadhaa, na huweka katika orodha yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nairobi au Makerere bila kuona aibu yoyote. Mtihani wa SAT, uliokuwa umeondolewa na vyuo vingi wakati wa UVIKO, umerudi: MIT iliurudisha mwaka 2022 na Caltech mwaka 2024. Kuufanya nje ya Marekani hugharimu zaidi ya dola 100, na ombi la MIT lenyewe dola 75. Ada ya ombi husamehewa kwa anayeeleza kwamba ni mzigo kwa familia. Wengi hawaombi msamaha huo kwa kudhani utaharibu nafasi yao. Hauharibu.

Kazi kubwa iko katika karatasi za kipato, na kazi hiyo ni ya wazazi kuliko ya mtoto. Vyuo vingi vinavyoziba pengo lote hutumia fomu iitwayo CSS Profile, inayosimamiwa na taasisi ya College Board. Huuliza mishahara, biashara, ardhi, nyumba, akiba, madeni na idadi ya wanaotegemea kipato hicho, na hujazwa kwa fedha ya nchi ya mwombaji, shilingi za Tanzania au za Kenya. Kisha huombwa ushahidi. Kwa mwajiriwa ni rahisi: hati za mshahara, barua ya mwajiri, na Kenya fomu ya P9 pamoja na marejesho ya kodi ya KRA. Lakini familia nyingi hazina hati hizo. Mama ntilie, mvuvi wa Kilwa, mwendesha bodaboda na mkulima wa mahindi hawana mshahara wa kuonyesha, na fomu ilitungwa na watu waliozoea kuona kila kipato kimeandikwa mahali.

Pengo hilo huzibwa kwa maelezo ya kweli yaliyopangwa vizuri. Mkulima huandika ekari alizonazo, magunia aliyovuna mwaka uliopita, bei aliyouzia, na gharama za mbegu, mbolea na vibarua. Mfanyabiashara mdogo wa Tanzania huambatanisha makadirio ya kodi ya TRA na leseni yake. Taarifa ya miamala ya simu ya miezi 12 husaidia, kwa sababu huonyesha fedha inavyoingia na kutoka. Barua ya mtendaji wa kijiji au ya chifu huongeza uzito, mradi iseme mambo anayoyajua na isiwe ya kusifia tu. Hati iliyo kwa Kiswahili hutafsiriwa. Sifuri zilizojazwa kila mahali huleta mashaka, maana hakuna familia inayoishi bila kula. Kama chakula hutoka shambani na karo hulipwa na mjomba aliyeko Mombasa, yaandikwe hivyo hivyo. Wanaosoma karatasi hizi wameona familia za kila namna. Wanachokitafuta ni hesabu inayokubaliana yenyewe kwa yenyewe.

Wazazi waliotengana wanastahili neno la ziada. Vingi vya vyuo hivi, MIT ikiwemo, hutaka taarifa za baba na mama, hata kama mmoja haonekani. Mtoto aliyelelewa na mama peke yake mara nyingi huacha sehemu hiyo wazi, na maombi yake hukwama. Upo utaratibu wa kuomba kusamehewa, na huhitaji barua ya mtu wa nje ya familia anayeifahamu hali hiyo: mwalimu mkuu, padri, shehe au afisa ustawi wa jamii. Familia ya wake wawili, au ya yatima walio chini ya mlezi, hufanya vivyo hivyo: hueleza kwa maneno kile ambacho visanduku vya fomu havikukifikiria.

Msaada wa kuyafanya haya bila malipo upo. Ofisi za EducationUSA huko Nairobi, Dar es Salaam na Kampala hushauri yeyote. Kenya ina KenSAP, ambayo tangu 2004 imewaandaa wanafunzi bora kutoka familia zisizo na uwezo kuomba vyuo vya aina hii. Wakala anayedai mamilioni kwa ahadi ya nafasi MIT hana nafasi ya kuuza.

Kwa aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, hesabu hubadilika kabisa. Shahada ya uzamivu katika fizikia, kemia, baiolojia au uhandisi nchini Marekani kwa kawaida hugharimiwa yote: ada hulipwa na mwanafunzi hupewa posho ya kujikimu kwa kazi ya utafiti au ya kufundisha, kwa miaka mitano au sita. CSS Profile haihitajiki, na si lazima mtu awe na uzamili kwanza. Uzamili wenyewe ndio hukosa fedha. Anayeutafuta aanze kutazama Kigali, ambako Carnegie Mellon, chuo cha Pittsburgh, kina tawi tangu 2011 na wafadhili wanaowalipia Waafrika, na ambako taasisi ya AIMS hutoa uzamili wa sayansi za hisabati kwa ufadhili kamili.

Ulaya ina hesabu nyingine. Chuo cha ETH cha Zurich, Uswisi, kimepandisha ada kwa wanafunzi wapya wa nje hadi faranga 2,190 kwa muhula kuanzia vuli ya 2025, kiasi kidogo kikilinganishwa na Marekani, lakini maisha ya Zurich ni ghali mno. Ujerumani humtaka mwombaji wa viza aweke euro 11,904 katika akaunti maalumu kwa matumizi ya mwaka mmoja. Ada ndogo isiyo na posho inaweza kumshinda mtoto wa mkulima kuliko ada kubwa iliyolipwa yote.

Baada ya kukubaliwa hubaki gharama ambazo chuo mara nyingi hakizilipi mapema: dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 185 za viza, safari za ubalozini, na mara nyingi nauli ya kwanza. Hapa ndipo mchango wa ukoo unapofaa. Viza yenyewe imekuwa ngumu. Tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025 lilisimamisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi, na la Desemba mwaka huo likaiongeza Tanzania katika orodha ya nchi zenye vizuizi. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo hali ya siku husika huulizwa ubalozini kabla ya kulipa chochote.

Kodi nayo huwashtua wengi. Sehemu ya ruzuku inayolipia ada na vitabu haikatwi kodi, lakini inayolipia chumba na chakula hukatwa asilimia 14 kwa mwenye viza ya mwanafunzi, na Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani wa kupunguza kiasi hicho. Ruzuku ya malazi na chakula ya dola 20,000 huzaa deni la dola 2,800. Kazi inayoruhusiwa ni saa 20 kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula, na ujira wake kwanza huziba deni hilo na matumizi ya kila siku. Ndugu wanaosubiri fedha kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wajue kwamba hakuna fungu la kutuma nyumbani ndani ya msaada huo.

Maombi ya msaada hurudiwa kila mwaka kwa karatasi mpya. Mzazi akifariki, akiachishwa kazi, au mavuno yakiharibika, mwanafunzi huiandikia ofisi ya msaada mara moja, na hesabu inaweza kupitiwa upya katikati ya mwaka.