"NI MBWA TU": KAULI INAYOWAUMIZA WATOTO WETU



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, familia nyingi za Kiislamu hapa Bujumbura zinaishi kwa kazi za Bandari. Wapo wapakuzi, wapo madereva, wapo mazamu wanaokesha wakilinda mizigo iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na Mpulungu. Katika kazi hizo mbwa wa ulinzi si kitu kigeni, na wako wanaomfuga mmoja uani nyumbani kwa sababu ya wezi. Mtoto anakua akimwona kila siku, anamwita jina lake, anampelekea mabaki ya ugali na ndagala. Siku mbwa huyo akifa, mtoto hulia.

Anajibiwa nini? "Nyamaza! Ni mbwa tu. Muislamu halii kwa ajili ya najisi." Wengine husema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa fatwa. Mimi ni mwalimu wa madrasa, na nasema wazi: maneno hayo hayatoki katika dini yetu. Ni ugumu wa moyo uliovishwa kanzu.

Tuanze na hilo la najisi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mbwa ni najisi, na mahali palipoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wenzetu wa Maliki wanaona kuwa mbwa aliye hai ni tohara. Vyovyote iwavyo, hiyo ni hukumu ya kuosha chombo, nguo na mkono. Nani aliyeigeuza kuwa hukumu ya kuosha huruma moyoni? Mtume (S.A.W.) ambaye tumepokea kwake hukumu ya kuosha mara saba, ndiye huyo huyo aliyetueleza habari ya mtu aliyeteremka kisimani akachota maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Hadithi zote mbili zimo katika Bukhari na Muslim. Vipi tunaishika moja na kuiacha nyingine?

Wapo watakaosema: "Wasingefuga mbwa, mtoto asingelia." Ni kweli kwamba kufuga mbwa bila haja kumekatazwa, na malipo ya mfugaji hupungua kila siku. Lakini mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa kwa hadithi sahihi, na wanazuoni wengi wamelinganisha na hao mbwa wa kulinda nyumba. Hata kama baba amekosea kumfuga, hilo ni suala la baba. Mtoto wa miaka mitano ana kosa gani?

Sasa tumtazame Mtume wetu alivyoamiliana na mtoto aliyefiwa na mnyama. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa akicheza na ndege mdogo. Ndege akafa, mtoto akahuzunika. Mtume (S.A.W.), pamoja na mzigo wote wa Umma aliokuwa nao, alimwendea mtoto yule na kumuuliza habari za ndege wake, akimwita kwa jina la heshima kama mtu mzima. Hakumwambia kwamba ni ndege tu. Mwanachuoni wa Kishafii Ibn al-Qass alitoa katika hadithi hiyo mafunzo sitini. Sisi tunashindwa kuchukua hata moja?

Kosa la pili ni uongo. "Mbwa amesafiri." "Amelala." Mama mmoja zama za Mtume alimwita mwanawe kwa kumwahidi kitu, naye Mtume akamuuliza angempa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Basi uongo kwa mtoto ni uongo. Tena una madhara: aliyeambiwa kwamba mbwa amelala anaweza kuogopa kulala yeye mwenyewe, na aliyeambiwa amesafiri atakaa mlangoni akisubiri.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tumwambie kwa neno lake: amekufa, mwili wake umesimama, hapumui, hasikii maumivu, na hatarudi. Mtoto mdogo bado hajafahamu kwamba kifo hakina kurudi, kwa hiyo atauliza tena na tena. Tumjibu kila mara bila hasira.

Pili, tumhakikishie kwamba si yeye aliyemuua. Watoto wadogo huweza kudhani kwamba hasira yao au kosa lao dogo ndilo lililoleta kifo.

Tatu, tumwache alie. Asubuhi atalia, jioni atacheza mpira, na usiku atalia tena. Hiyo ndiyo tabia ya watoto.

Nne, mzoga ufukiwe vizuri, usitupwe mtaroni mtoto akiona. Hakuna sanda wala swala, ila mtoto anaweza kusimama pembeni akatazama. Asiushike. Na ikiwa mbwa alibadilika tabia au aliuma mtu kabla ya kufa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza huua.

Tano, akiuliza kama mbwa ataingia peponi, tusimbunie jibu. Qur'ani katika Suratul An'am imetufundisha kwamba wanyama ni umma mfano wetu na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Tumwambie: yuko kwa Aliyemuumba, naye hamdhulumu yeyote. Yatosha.

Nanyi wanafunzi wangu, mwenzenu akija chuoni macho mekundu, msimcheke wala msimwite mtoto wa mbwa.

Wazazi, kwa mtoto wako huenda hiki ndicho kifo cha kwanza kukiona kwa macho yake. Vitakuja vingine, vya bibi, vya babu, na siku moja chako. Ukimfunga mdomo leo, usitarajie akuletee machozi yake kesho.

Wabillahi Tawfiq.