STI Si Yako Bado, na Hiyo Si Aibu

Wasee, leo nitaudhi watu, na niko sawa na hilo.

Kila wiki inboksi yangu inaingia mesegi moja, sura tofauti. Kijana wa miaka 21 ama 23, ameweka doo, anataka Impreza ile ya hatch. Amepata S-GT safi, mwenyewe ni mzee fulani aliyeitunza. Halafu ananiuliza: "Buda, nichukue hii ama nisubiri nipate STI?"

Kabla sijajibu, mtaa ushamjibu. Kama si STI, usijisumbue. S-GT ni ya watu waliokosa. Utapita nayo kwa stage, vijana wacheke.

Mimi nasema chukua S-GT. Na nasema hivyo nikijua kwamba mimi ni mmoja wa watu waliokuharibu kichwa. Nimepiga video za STI mpaka simu ikajaa. Nimeweka muziki, nimeweka moshi wa ekzosi, nimeandika "hii ndio gari" huku chini. Hakuna siku nimepiga video ya mtu akilia kwa fundi, ingawa hao nimeona wengi kuliko STI zenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu magari. Impreza ya umbo hilo ilitoka Japani mwaka wa 2007. Chini kabisa kuna ya 1.5, isiyo na turbo, farasi 110. Hiyo ndiyo mnaiona kila kona na beji ya STI ya kubandika. Tuiache, haijamkosea mtu. Juu yake kuna S-GT: injini ya 2.0 yenye turbo, farasi 250, nguvu inaenda magurudumu yote manne, na lile tundu la hewa kwenye boneti liko. Juu kabisa kuna STI: pia ni 2.0 yenye turbo, lakini farasi 308, gia sita za mkono, breki za Brembo, difu ya katikati unayoweza kuirekebisha mwenyewe ukiwa umekaa, na mwili umepanuliwa mabegani.

Toa 250 kwa 308. Unabaki na farasi 58. Hao 58 ndio wanafanya gari moja liuzwe mara mbili ama zaidi ya lingine hapa Nairobi. Sasa niambie, hao farasi 58 utawalisha wapi?

Expressway ni 80 kwa saa. Mjini ni 50. S-GT ya gia za mkono inafika 80 ukiwa bado gia ya pili. Yaani gari unaloambiwa ni la waliokosa linavunja sheria kabla hujafikiria gia ya tatu. Baada ya hapo kuna matuta, kuna nduthi, kuna matatu imesimama katikati ya barabara ikishusha mtu. Mwenye STI na mwenye S-GT wanakutana kwenye jam ileile ya Mombasa Road, wote wakinusa dizeli ya lori moja.

Najua utasema, "Lakini STI si nguvu peke yake, ni breki, ni usalama." Sawa. Acha nikupeleke Southern Bypass.

Kuna jamaa wa mtaani kwetu alinunua STI. Nilifurahi kuliko yeye, kwa sababu nilijua nimepata kontenti ya miezi mitatu. Siku hiyo kulikuwa kumenyesha. Mimi niko kiti cha mbele na simu nikirekodi. Mbele yetu lori likapunguza mwendo ghafla. Jamaa akakanyaga breki na gari likaendelea kwenda. Nilisikia chuma kikisaga chuma, nyuma ikaanza kuteleza, tukaingia bega la barabara na kusimama tukiangalia tulikotoka. Lori halikujua hata tulikuwepo.

Tulipofika kwa fundi, akatoa tairi moja akacheka kwanza. Pedi za mbele zilikuwa zimeisha, imebaki bati. Tairi zote nne zilikuwa za mtumba, mbili hazikuwa hata za kampuni moja, na zote zilikuwa zimekaribia kuwa laini kama kiganja. Nikamuuliza jamaa mbona hakubadilisha. Akaniambia ukweli: pesa yote iliisha kwa kununua gari. Pedi za Brembo alikuwa anangojea mwisho wa mwezi. Huo ulikuwa mwisho wa mwezi wa tatu akingojea.

Hizo ndizo breki za STI mnazoniambia. Brembo bila pedi ni rangi nzuri nyuma ya rimu. S-GT yenye pedi mpya na tairi nne zenye meno ingesimama pale vizuri, mimi nikaenda nyumbani kula. Kile kilichokaribia kutuua ni kwamba jamaa alinunua gari lililo juu ya mfuko wake kwa hatua moja, na hatua hiyo moja ilikula pesa ya kila kitu kinachoshika lami.

Injini pia haikuonei huruma. Hizi EJ20 za turbo zina mkanda wa timing, na kwa kawaida unabadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ukikatika ukiwa barabarani, valvu zinagongana na pistoni, na hapo injini ni ya kufungua ama kutupa. Zimeundwa kwa petroli ya Japani yenye okteni ya juu kuliko super ya kawaida tunayoweka hapa. Ukimpa mtu wa kompyuta akuongezee nguvu bila kuelewa hilo, injini inaanza kugonga ndani kwa ndani mpaka siku inaachilia. Vitu hivi viko kwa S-GT na viko kwa STI. Tofauti ni kwamba wa S-GT bado ana pesa mfukoni siku bili inafika.

Na usifikiri ukingoja STI itashuka bei. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia. STI ya hatch iliacha kutengenezwa 2014. Hesabu mwenyewe: mlango ulishafungwa. Zilizoko nchini ndizo hizo, kila mwaka kuna moja inagonga mti, na mwenye safi anajua ana nini. Halafu gari likishapita miaka 15 hivi, kampuni nyingi za bima zinaanza kukunja uso ukiomba bima kubwa. Wengi wanabaki na third party. Maana yake ukiligonga STI lako la mamilioni kwenye mtaro, unalipia mwenye ukuta, lako unalia nalo.

Pesa yenyewe unatoa wapi? Wengi wenu mnaniambia "nitaongezea kidogo". Kidogo hicho ni mkopo wa logbuku, ama ile mipango ya lipa mdogo mdogo ya yadi, ambapo wanaweka trakka na funguo ya pili wanabaki nayo. Ukikosa mwezi mmoja unaamka asubuhi parking iko wazi.

Mimi nilitaka kufanya mbaya kuliko hiyo. Nilikuwa na milioni moja na laki moja, pesa ya matangazo na ya kupiga video za harusi kwa miaka miwili. Nilikuwa nimeona S-GT ya laki nane na nusu. Nikaona pia STI ya milioni mbili na laki tatu. Pengo ni milioni moja na laki mbili. Mamangu yuko kwenye sacco, ana hisa ambazo ameweka tangu niko nasari. Nikachukua fomu, nikajaza, nikampelekea duka aweke sahihi kama mdhamini.

Mama hajui turbo ni nini. Aliangalia picha mbili kwa simu yangu, akavaa miwani, akauliza:

"Hii ya bei ndogo inafika Nakuru?"

"Inafika, mum."

"Na hii ya bei kubwa inafika Nakuru mbele yake?"

Nikafikiria zile lori za Nakuru, zile trafiki, ile kamera. Nikasema, "Kwa kweli zinafika pamoja."

Akavua miwani. "Sasa unataka niweke sahihi ya nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina. Na hicho kimya ndicho kilichonifanya niandike hii posti, kwa sababu nilijua jibu la kweli na niliona aibu kulisema mbele yake: mum, nataka uweke hisa zako za miaka ishirini ili vijana wa stage wasinicheke.

Nikikumbuka vizuri, haikuwa mara ya kwanza. Chuo niliingia kozi ambayo jina lake lilipendeza kwa mdomo wa wajomba. Sikuuliza kama naiweza, wala kama naipenda. Nilitoka mwaka wa pili, karo ya watu imeenda. Wengine wanafikiri natoa hiyo hadithi kujisifu kwamba shule haina maana. Hapana. Shule ina maana. Mimi ndiye nilinunua beji bila kuangalia injini, na mwenye kulipa alikuwa mama. Singerudia na gari.

Kwa hivyo nilinunua S-GT. Ile laki mbili na nusu iliyobaki ilifanya kazi. Kabla hata ya kulipa nilimleta fundi wangu, akapima komprisheni silinda zote nne, si ya fundi wa muuzaji. Nikabadilisha mkanda wa timing pamoja na pampu ya maji. Tairi nne mpya, za aina moja. Pedi mpya mbele na nyuma, mafuta ya breki, mafuta ya injini. Kilichobaki nikaweka kando, na miezi minne baadaye radieta ilipopasuka sikumpigia mtu simu.

Sasa wacha nikuwe mkweli kwa wenye STI pia. Kuna mtu anayeihitaji. Kama unaenda autokrosi, kama ulikuwa unaenda Kiamburing pale barabara inafungwa na saa ndio inahesabu, kama unaendesha gari likiwa moto kwa dakika nyingi bila kupumzika, zile breki, zile difu na ile gia boksi nzito zimetengenezwa kwa ajili yako. Na kama pesa ya gari, ya spea na ya tairi zote ziko na hakuna mtu amekudhamini, nunua, nipigie honi. Sina wivu. Nina wivu kidogo.

Lakini wengi wetu hatujawahi kuimaliza S-GT. Hatujui iko na nini kwenye kona ya mchanga, hatujui inaanza kuteleza wapi. Tunataka kuongezewa farasi 58 kabla hatujajua kuwaendesha wale 250. Mwenye kujua kuendesha atakuacha na STI yako ukijiuliza ni nini kimepita.

Na msiniambie nakosea heshima jina la Subaru. Hilo jina tunalipenda kwa sababu ya Safari. Colin McRae alishinda hapa na Impreza 1997, Richard Burns 2000. Wazee wetu walisimama kwenye vumbi kuwaangalia. Ila Safari ya zamani ilikuwa na sheria moja ambayo kila Mkenya aliijua: wenye kasi walikuwa wengi, shida ilikuwa kumaliza. Magari yaliachwa porini na suspensheni zimevunjika, mengine yakiwa na nguvu kuliko lililoshinda. Kombe lilienda kwa aliyefika.

Yule jamaa wa Southern Bypass aliuza STI. Aliuza kwa hasara, kwa haraka, kwa mtu aliyejua ana shida. Siku hizi anapanda matatu, na mkopo bado analipa. Vijana wa stage waliomshangilia hakuna hata mmoja amemchangia.

Kwa hivyo wewe uliyenitumia mesegi jana usiku, mwenye S-GT imekungoja tangu Jumatatu: mpigie yule mzee. Lete fundi wako. Nunua tairi kabla ya rimu. Beji ya STI usiweke, huhitaji kudanganya mtu.

Wakicheka kwa stage, wape mkono, uwapite. Una breki.