STAA KUSHIKA MSHIPI UFUKWENI SIYO KUFULIA, ACHENI HIZO!

Wadau, wiki hii mjini ilikuwa picha moja tu. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye miaka michache nyuma alikuwa hakosi kwenye tamasha lolote kubwa, kapigwa picha alfajiri akiwa kwenye mawe ya Coco Beach. Kaptula imelowa, kandambili pembeni, ndoo ndogo ya plastiki miguuni na mkononi kashika mshipi. Hakuwa anashuti video. Alikuwa anavua samaki.

Basi ikawa sherehe. Haijafika saa nne asubuhi picha ishazunguka magrupu yote ya WhatsApp na kurasa za umbea. Mmoja kaandika eti braza kafulia mpaka anagombania kitoweo na paka wa Feri. Mwingine kauliza kama gari ndo limeuzwa zikanunuliwa ndoano. Na dada mmoja ambaye enzi za neema alikuwa hatoki kwenye kiti cha mbele cha gari hilohilo, naye hakutaka kupitwa, katupia emoji za kucheka mpaka machozi. Watu wakamshangilia kama kafunga goli.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwezi huuhuu mwigizaji mmoja wa filamu za kibongo alitupia picha yuko kwenye boti ya kukodi mkondo wa Pemba, miwani ya jua usoni, kakumbatia sulisuli mrefu kuliko yeye mwenyewe. Huyo hakuna aliyemcheka. Aliambiwa hayo ndo maisha, wengine wakamwomba safari ijayo asiwasahau.

Bahari ni ileile ya Hindi. Ndoano ni ndoano, samaki ni samaki. Kwa nini mmoja anakula bata na mwenzake kafulia? Jibu linauma kidogo: watu hawaangalii kinachofanyika, wanaangalia kimelipiwa shilingi ngapi.

Na kama ni kuulizana nani kavua kweli, hapo ndo pana utamu. Kwenye boti za namna ile nahodha ndiye anayejua mkondo unaelekea wapi. Nahodha ndiye anayewatazama ndege wa baharini wanaopiga mbizi, akajua chini yao kuna kundi la samaki wadogo, na penye wadogo wakubwa hawako mbali. Wasaidizi wake ndo wanaofunga chambo na kutupa mishipi nyuma, boti inaikokota taratibu. Samaki akishanasa, mgeni anakalishwa kitini, anakabidhiwa fimbo, anaanza kuzungusha rili. Kazi ipo hapo, mikono inawaka moto na sulisuli akiruka juu ya maji moyo nao unaruka. Lakini kwenye picha nahodha hayupo. Kakatwa.

Hapa hakuna anayedharau mchezo wenyewe. Kuvua kwa starehe ni mchezo wa heshima na pwani yetu inajulikana nao toka zamani. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1954, alishafika Malindi kuvua miaka ya 1930. Wageni wanapanda ndege mpaka leo kufuata sulisuli, jodari na nguru wa huku. Mwenye hela zake akodi boti, afurahi, ajipige picha. Hakuna ubaya.

Ubaya ni kumcheka wa kwenye mawe, wakati yule wa kwenye mawe ndo mwenye mtihani mgumu zaidi. Hana nahodha. Kila kitu akijue mwenyewe.

Anayedhani ni kutupa uzi na kusubiri ajaribu. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50 hivi. Aliyepata samaki jana saa kumi na moja alfajiri, akirudi wiki ijayo saa ileile anaweza kukuta mawe makavu na kaa wanatembea. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu. Mvuvi wa nchi kavu anavizia maji yanapoanza kujaa, kwa sababu samaki nao wanayafuata kuja kula kwenye miamba iliyokuwa wazi. Halafu kuna upepo. Kusi ikivuma, kati ya Juni na Agosti, mawimbi yanapanda mpaka alipokaa mtu. Kaskazi ikiingia mwisho wa mwaka ndo bahari inatulia kidogo.

Bado chambo. Kipande cha ngisi kinakaa vizuri kwenye ndoano, kamba analainika haraka na kuibiwa. Changu anadonoadonoa, ukivuta mapema umemkosa. Kolekole hadonoi, anakwapua na kuondoka na mshipi mpaka vidole vinachanika. Tasi yeye ni mla mwani, kumpata kwa ndoano ni bahati, na ukimpata umshike kwa akili maana miiba yake ina sumu, ikikuchoma unaweza kulia mbele za watu. Ndo maana wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Huo ni ujuzi, siyo njaa.

Tena habari za chini ya zulia zinasema jamaa hakuanza juzi. Ana miezi anakwenda pale. Wazee wanaovua kwenye mawe yale wanamwita kwa jina lake la nyumbani, lile la jukwaani hawalijui na hawana habari nalo. Wamemfundisha kuzungusha mshipi kwenye chupa tupu ya maji na kufunga nati ya chuma badala ya chubwi la dukani. Anafika gizani, anaondoka jua likianza kuwa kali. Hanywi, hapigi kelele, hakopi mtu.

Sasa mlinganishe na tulichozoea. Mji huu umeshuhudia mastaa waliokodi magari ili tu waonekane hawajashuka. Umeshuhudia waliokopa ili kulipia meza ya klabu, kesho yake simu wanaizima. Umeshuhudia vijana waliozama kwenye pombe na mambo mabaya zaidi kwa kuogopa kuulizwa siku hizi yuko wapi. Wote hao, wakati wanazama, waliambiwa wako juu. Huyu kapata kitu cha bei ya nauli kinachomtuliza kichwa, huyu ndo anaambiwa kwisha habari yake!

Na haya, tuseme kafulia kweli. Tuseme ile ndoo ndo mboga ya nyumbani kwake. So what? Kwani kuvua kitoweo ni aibu toka lini? Watoto wangapi wa Tanga, Bagamoyo, Kilwa na Mafia wamelipiwa ada kwa samaki? Kila siku pale Feri mnada unafunguliwa kwa samaki waliovuliwa na watu waliolowa usiku kucha. Anayecheka kaptula iliyolowa anamcheka na baba wa mtu, na jioni yuko kijiweni anaagiza changu wa kukaanga na ndizi.

Wenye hamu ya kukosoa wavuvi wa starehe wanayo mengi ya kusema. Wamwambie staa avae viatu vinavyoshika, mawe yale yana utelezi na wimbi haligongi hodi, hivyo mgongo usigeuziwe bahari. Wamwambie samaki mchanga arudishwe majini akiwa hai, siyo aishie kwenye picha. Mshipi uliokatika usiachwe kwenye miamba, unanasa kasa na ndege. Na wale wa boti wakumbushwe kwamba Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo ya hifadhi tangu mwaka 1975, kule mtu anakwenda kuogelea na kutazama, siyo kuvua. Staa akikutwa huko na fimbo, hapo sawa, asemwe mpaka akome. Na kelele zote zilizopigwa wiki hii zingepigwa dhidi ya wapiga baruti waliovunja miamba ya pwani hii, leo samaki wa ufukweni wangekuwa wakubwa zaidi.

Lakini mambo ndo yameshaharibika. Tetesi ni kwamba tangu picha isambae jamaa hajaonekana tena kwenye mawe, na kwenye ukurasa wake kafunga sehemu ya maoni. Aliyempiga picha inasemekana alisalimiana naye vizuri tu kabla ya kutoa simu. Kwa hiyo kilichopatikana ni nini? Watu wamecheka siku mbili, mtu mmoja kanyang'anywa sehemu pekee ambayo alikuwa hahitaji kuwa staa.

Kaka, kama unapita huku kimyakimya, mwezi unakaribia kuwa mpevu na bamvua haisubiri mtu. Rudi kwenye mawe.

Na nyie wadau, semeni ukweli: kati ya yule wa kwenye boti na huyu wa kwenye mawe, nani mvuvi? Na lini mara ya mwisho wewe ulifanya kitu unachokipenda bila kujali nani anakupiga picha? Tiririka hapo chini, matusi hapana.